Manute Bol: Mwanasiasa Aliyekataa Cheo

Kila siku hapa Marungu twayaona malori ya Juba yakipita kwenye barabara kuu itokayo Mombasa. Mizigo yake twaijua, lakini wengi wetu hatumjui mtoto wa huko aliyepata umaarufu duniani kabla Sudan Kusini haijawa nchi. Ni Manute Bol, mcheza mpira wa kikapu. Namwandika leo kwa sababu kila uchaguzi ukikaribia, vijana wetu waliong'ara michezoni huambiwa wagombee viti. Ni vyema wamjue aliyewatangulia.

Bol alikuwa Mdinka, na mwaka wake wa kuzaliwa unaandikwa 1962. Kwao ni Turalei, ambako utotoni alichunga ng'ombe. Urefu wake ulifika mita 2.31. Alianza mpira akiwa Wau na Khartoum, kocha mmoja wa Kimarekani akamwona na kumfungulia njia ya kwenda ng'ambo. Mwaka 1985 alisajiliwa na Washington Bullets, na katika msimu wake wa kwanza alizuia mipira 397. Hakuna mchezaji mgeni wa ligi ile ya NBA aliyewahi kuifikia hesabu hiyo. Alipomaliza alikuwa amezuia mipira 2,086 na kufunga pointi 1,599. Kazi yake ilikuwa kulinda, si kufunga.

Wakati huo kwao kulikuwa na vita vilivyoanza 1983. Mamilioni ya dola aliyolipwa aliyapeleka kwa wakimbizi na kwa harakati za John Garang. Wenzake walijenga majumba, yeye alimaliza akiba.

Baada ya mkataba wa amani wa 1997 alirudi Khartoum akiamini mambo yametulia. Kwa maelezo yake mwenyewe, serikali ilitaka kumpa uwaziri wa michezo kwa sharti kwamba asilimu. Akakataa.

Mimi ni Muislamu, na hapa sina kigugumizi. Dini yetu imekataza kumlazimisha mtu imani, na shahada inayotolewa ili mtu apate gari la serikali haina uzito. Waliomwekea sharti lile hawakuutumikia Uislamu, waliutumia. Naye kwa kukataa aliiheshimu imani yake na yetu pia.

Kukataa kulimgharimu. Alizuiwa kuondoka nchini, akaishi kwa dhiki yeye na familia yake. Mwaka 2001 alifika Cairo, na 2002 akapokewa Marekani kama mkimbizi. Mwaka huohuo alipanda ulingo wa ngumi kwenye televisheni. Watu walimcheka, lakini pesa zile zilikuwa za watoto wa Sudan. Mwaka 2004 alivunjika shingo katika ajali ya teksi.

Alipopata nafuu alirudia kazi ya kwao. Alisaidia kujenga shule Turalei, akitaka isomeshe watoto bila kubagua dini wala kabila. Mwaka 2010 alikuwa huko wakati wa uchaguzi, akarefusha kukaa kwake ili kuhimiza watu wapige kura kwa uadilifu. Aliondoka akiwa mgonjwa, na tarehe 19 Juni 2010 alifariki Virginia kwa maradhi ya figo na ya ngozi. Alizikwa Turalei. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 9 Julai 2011, Sudan Kusini ikawa huru.

Hakuwahi kuwa mbunge wala waziri, lakini siasa aliifanya. Sisi tumezoea kumuuliza mgombea ana pesa ngapi na atagawa nini. Kwa Bol, maswali ya maana yalikuwa mengine mawili: alitoa nini kabla hajaomba chochote, na alikataa nini alipojaribiwa? Vijana wa Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta wanaotaka kuingia ulingoni wajiulize hayo kabla ya kuchapisha mabango. Nasi wapiga kura tuwaulize hadharani, kwani mtu asiye na jibu leo hatakuwa nalo akishaketi kitini.