Tom Mboya, bwana afya wa Rusinga, na ziwa lililogeuka kijani

Sisi wa Mombasa twamjua Tom Mboya kwa barabara ya Tudor. Wazee wa bandarini walimjua kwa mgomo wa Machi 1955, aliposimama baina ya makuli na matajiri wao mpaka mshahara ukapanda kwa karibu theluthi moja. Wachache hukumbuka kwamba kazi yake ya kwanza ilikuwa ubwana afya.

Alizaliwa 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, ambako babake alifanya kazi kwenye shamba la mkonge, lakini kwao ni kisiwa cha Rusinga, leo kaunti ya Homa Bay. Mwaka 1948 aliacha masomo Mang'u akaenda Kabete kusomea ukaguzi wa afya, kisha akaajiriwa na baraza la jiji la Nairobi. Alipima maziwa, akaanzisha chama cha wafanyakazi, na yaliyofuata yajulikana: bunge 1957, ndege za wanafunzi kwenda Marekani 1959, uwaziri, na risasi za 5 Julai 1969. Alikuwa na miaka 38. Kaburi lake liko Rusinga.

Ziwa analolitazama kaburi hilo si lile alilolijua yeye. Katika miaka ya 1980 mkondo mwembamba kati ya Rusinga na Mbita ulizibwa kwa tuta ili magari yavuke. Barabara ikapatikana, Ghuba ya Winam ikapoteza mlango mmoja wa kubadilishana maji na ziwa kuu. Ghubani humo huingia maji machafu ya miji, na mito iliyobeba udongo na mbolea. Upande wa Migori, mto Kuja hushusha mzigo wa aina hiyo hiyo. Jua likiwaka na upepo ukitulia, juu ya maji hutanda kijani kizito kama rangi ya mlango.

Huu si mwani wanaolima kina mama wa Kibuyuni. Ni jamii ya bakteria. Ukioza hewa ya majini huisha na samaki hufa. Aina nyingine hutoa sumu inayoharibu ini, na sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha maji, dawa ambayo mabwana afya wametufundisha siku zote. Familia ichotayo ziwani haina ila jiko na sufuria.

Mwaka 2017 daraja lilifunguliwa Mbita na mkondo ukapita tena. Mbolea na maji machafu bado yaingia.