Poul la Cour, mwalimu aliyeugeuza upepo kuwa taa ya kijijini

Karibu na kijiji cha Klettwitz, katika eneo la Lausitz mashariki mwa Ujerumani, ardhi ilifukuliwa kwa miongo mingi ili kutoa makaa ya mawe. Baada ya Ujerumani kuungana tena mwaka 1990, migodi mingi ya eneo hilo ilifungwa na maelfu ya wachimbaji wakapoteza kazi. Vilibaki vilima vya vifusi. Mwaka 2000, juu ya vifusi hivyo, ilisimamishwa mitambo 38 ya upepo iliyoundwa na kampuni ya Denmark.

Denmark haikuwa na utajiri wa makaa kama jirani yake. Ufundi wake wa upepo una asili ndefu, na mmoja wa waasisi wake ni mwalimu wa fizikia aliyefariki mwaka 1908: Poul la Cour.

La Cour alizaliwa Aprili 1846 karibu na mji wa Ebeltoft, katika familia ya wakulima. Alisomea fizikia na elimu ya hali ya hewa, na mwaka 1872 akawa naibu mkuu wa taasisi ya hali ya hewa mjini Copenhagen. Alijipatia pia sifa kwa uvumbuzi wake katika telegrafu. Njia ya cheo na fedha ilikuwa wazi mbele yake.

Hata hivyo, mwaka 1878 aliuacha mji mkuu, akaenda kufundisha Askov, katika chuo cha wananchi kilichowapokea vijana wa mashambani. Mfano wa vyuo hivyo ulienea katika nchi za Skandinavia, na karne iliyofuata ukachangia kuzaliwa kwa vyuo vya maendeleo ya wananchi nchini Tanzania.

Huko Askov aliona jambo lililomsumbua. Umeme ulikuwa ukiingia mijini, ukizalishwa kwa makaa yaliyonunuliwa nje ya nchi. Alihofia kwamba mkulima angebaki gizani, na vijana wangekimbilia viwanda vya mjini. Upepo, kwa upande wake, ulivuma juu ya kila shamba bila kudai malipo.

Mwaka 1891, kwa msaada wa fedha za serikali, alijenga kinu chake cha kwanza cha majaribio. Tatizo likawa lile lile linalowasumbua wahandisi hadi leo: upepo hautabiriki. La Cour alitumia umeme wa kinu kuyatenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni, akaihifadhi gesi hiyo na kuitumia kuwasha taa za chuo kuanzia mwaka 1895. Kazi hiyo ilikuwa na hatari zake, kwani milipuko ilivunja vioo vya madirisha zaidi ya mara moja. Alipima pia mabawa ya vinu kwa mkondo wa hewa alioutengeneza mwenyewe, akagundua kwamba mabawa machache yanayozunguka kasi yanafaa zaidi kuzalisha umeme kuliko mengi yanayokwenda taratibu.

Lakini alielewa kwamba mtambo bila fundi ni chuma kitupu. Alishiriki mwaka 1903 kuanzisha chama cha umeme wa upepo, na mwaka uliofuata akaanza kuwafunza vijana wa vijijini kazi ya ufundi umeme. Mmoja wao, Johannes Juul, alijenga mwaka 1957 huko Gedser mtambo wa mabawa matatu uliokuja kuwa kielelezo cha mitambo ya kisasa.

Burundi haina migodi ya makaa kama ya Lausitz. Huchimba mboji ya vinamasi, ambayo hukaushwa na kutumiwa kama kuni, na sehemu kubwa ya umeme wake hutegemea mito. Kiangazi kinapopunguza maji, wakazi wa Bujumbura huonja giza; vijijini, kaya nyingi hazijawahi kuunganishwa kabisa.

Kwa wasomaji wetu, basi, maisha ya la Cour yanaibua swali lililo zito kuliko mtambo wenyewe. Mgodi unapokwisha, au mto unapokauka, ni nani aliyefunzwa kuwasha taa nyingine? Yeye alianza kulijibu kwa kuwafunza watoto wa wakulima.