METTERNICH: Kansela aliyemlipa mfalme wake kwa divai

KWA muda wa miaka 39, tangu 1809 hadi 1848, ni vigumu kutaja uamuzi mzito uliofanywa barani Ulaya ambao haukupitia mezani pa Klemens von Metternich, Waziri wa Mashauri ya Kigeni na baadaye Kansela wa Austria.

Wanahistoria humkumbuka kwa mikutano, mikataba na majasusi. Wapenzi wa divai humkumbuka kwa kilima kimoja tu. Kilima hicho, Johannisberg, kiko juu ya Mto Rhine nchini Ujerumani, na divai nyeupe itokayo huko, ya zabibu aina ya Riesling, ina sifa ya karne tatu. Anayetaka kumwelewa bwana huyu hana budi kupita kilimani, kwa maana huko undani wake ulionekana wazi kuliko katika kumbi za Vienna.

Alizaliwa Mei 15, 1773 mjini Koblenz, pale Mto Moselle unapomwaga maji yake katika Rhine. Babake, Franz Georg, alikuwa mwanadiplomasia, na ukoo wao ulimiliki ardhi ya urithi huko Winneburg na Beilstein, katika bonde la Moselle. Mtoto huyo basi alikulia katika nchi ya mizabibu.

Alikuwa na umri wa miaka 16, mwanafunzi mjini Strasbourg, Mapinduzi ya Ufaransa yalipolipuka. Mnamo Julai 1789 alishuhudia umati ukilivamia jumba la baraza la mji na kuliharibu. Hofu iliyomwingia siku hiyo haikumtoka hadi kaburini. Tangu hapo, kila alipowaona watu wengi wakikusanyika kudai haki, yeye aliona jumba lile likivunjwa.

Miaka mitano baadaye hofu ikawa hasara. Majeshi ya Ufaransa yaliteka ukingo wa kushoto wa Rhine mnamo 1794, na ardhi yote ya ukoo huko ikatwaliwa. Akina Metternich wakakimbilia Vienna wakiwa na jina kubwa na mfuko mwepesi.

Ndoa ndiyo iliyomwinua. Septemba 1795 alimwoa Eleonore von Kaunitz, mjukuu wa Kansela Kaunitz aliyewahi kuitawala siasa ya Austria kwa miongo kadhaa. Arusi ilifanyika katika kijiji cha Austerlitz. Miaka 10 baadaye, Napoleon aliyashinda majeshi ya Austria na Urusi karibu na kijiji hicho hicho.

Alitumwa kuwa balozi Dresden mnamo 1801, Berlin 1803, kisha Paris 1806, alikopata nafasi ya kumsoma Napoleon kwa karibu. Alipoteuliwa waziri mnamo 1809, Austria ilikuwa imeshindwa vitani tena. Yeye hakukimbilia silaha, bali alisaidia kumwoza Napoleon binti ya Kaisari Franz, Marie Louise, aliyekuwa na umri wa miaka 18. Msichana huyo alikuwa amelelewa akimchukia Napoleon. Taifa lilipata nafasi ya kupumua, na gharama akailipa yeye.

Juni 26, 1813, Metternich na Napoleon walikutana mjini Dresden kwa saa nyingi. Inasimuliwa kwamba Napoleon aliitupa kofia yake chini kwa hasira, na mgeni wake hakuinama kuiokota. Msomaji akumbuke kwamba msimulizi wa kisa hicho ni Metternich mwenyewe, mtu asiyejulikana kwa kujidharau. Lililo hakika ni kwamba wiki chache baadaye Austria iliingia vitani, Napoleon akashindwa Leipzig mnamo Oktoba, na Metternich akapandishwa daraja miongoni mwa makabaila wakuu wa dola.

Ukafuata Mkutano wa Vienna wa 1814 na 1815, aliouandaa yeye kama mwenyeji. Hapo ramani ya Ulaya ilichorwa upya. Hapo pia, mnamo Februari 8, 1815, mataifa makubwa yalitia saini tamko la kulaani biashara ya watumwa wa Kiafrika. Tamko hilo halikuweka tarehe wala adhabu. Katika pwani yetu, soko la Zanzibar liliendelea hadi 1873.

Hapa inafaa tumwache waziri kwa muda, tukitazame kilima chenyewe.

Watawa wa Shirika la Mtakatifu Benedikto walijenga makao yao Johannisberg karibu mwaka 1100, wakapanda mizabibu kwenye mteremko unaotazama kusini. Mahali penyewe ni pa ajabu. Pako kwenye latitudo ya nyuzi 50 kaskazini, mbali sana kwa mzabibu, lakini milima ya Taunus huzuia upepo wa baridi kutoka kaskazini, na mto mpana chini yake hupunguza makali ya baridi na kuleta ukungu wa vuli.

Mnamo 1716 abati wa Fulda alikinunua kilima hicho kikiwa kimechakaa, na muda mfupi baadaye, mnamo 1720, akaamuru kipandwe Riesling kwa wingi usiowahi kuonekana. Tangu hapo jina la kilima na jina la zabibu hiyo yakaenda pamoja.

Zabibu ya Riesling huiva polepole na hubaki na ukali mfano wa ndimu hata ikishajaa sukari. Chachu ikiachwa imalize kazi yake, sukari karibu yote hugeuka kileo, na kinachobaki ni divai isiyo tamu, ambayo wenyewe huiita kavu. Sheria za sasa haziruhusu divai ya aina hiyo iitwe kavu ikizidi gramu tisa za sukari katika lita moja. Ule ukali ndio unaoihifadhi, hata chupa nzuri ikaweza kukaa miongo mingi bila kuharibika.

Kilima kina hadithi yake mashuhuri pia. Mavuno hayakuweza kuanza bila kibali cha mtawala wa Fulda, na mwaka 1775 tarishi aliyetumwa kukileta alichelewa kwa siku nyingi. Aliporejea, zabibu zilikuwa zimeshaanza kuota ukungu. Zikachumwa hivyo hivyo, na divai yake ikawashangaza waonjaji. Inasemekana kuwa hapo ndipo Wajerumani walipojifunza faida ya kuchelewesha mavuno. Sanamu ya tarishi huyo imesimama uani hadi leo, labda ndiye mtumishi pekee duniani aliyejengewa sanamu kwa kuchelewa kazini.

Kisha yakaja machafuko ya Napoleon. Watawa wakanyang'anywa mali zao mwanzoni mwa karne ya 19, kilima kikaenda kwa jamaa wa Orange-Nassau, na baadaye Napoleon akamtunuku jemadari wake Kellermann. Napoleon alipoanguka, kilima kikawa hakina mwenyewe, na makabaila wengi wakakitamani.

Aliyekipata ni Metternich. Mnamo 1816 Kaisari Franz alimkabidhi kiwe cha ukoo wake, shukrani kwa utumishi wake. Sharti lilikuwa moja: kila mwaka fungu la kumi la mavuno liende kwa nyumba ya Habsburg. Mtu aliyepoteza mizabibu ya baba zake kwa sababu ya mapinduzi akawa amepata mizabibu bora zaidi.

Lakini tusilipite jambo hili haraka. Metternich aliihubiria Ulaya nzima kwamba haki za kale hazipasi kuguswa, na kwamba kilichokuwa cha mtu tangu jadi kibaki chake. Hata hivyo Johannisberg ilikuwa mali ya watawa iliyoporwa. Ochsenhausen, ardhi ambayo ukoo wake ulifidiwa mnamo 1803, ilikuwa abasia. Plasy huko Bohemia, aliyoinunua mnamo 1826, nayo ilikuwa abasia iliyofungwa na serikali. Mlinzi mkuu wa mambo ya kale aliishi kwa mali iliyotolewa mikononi mwa wenyewe wa kale, na hakuna dalili kwamba jambo hilo lilimkosesha usingizi.

Alilipenda shamba lake. Alimwita mbunifu Georg Moller kulijenga upya jumba, akalitembelea majira ya kiangazi, akawapokea mabalozi na watawala kwenye roshani inayotazama mto. Kuanzia 1830 chupa zilitoka shambani zikiwa na kibandiko chenye saini ya msimamizi wa ghala, ili mnunuzi asiuziwe divai bandia.

Upande wa pili wa maisha yake haukuwa na roshani. Machi 23, 1819, mwanafunzi Karl Sand alimuua mwandishi August von Kotzebue mjini Mannheim. Metternich aliitumia fursa hiyo. Mwezi Agosti aliwakutanisha mawaziri wa Kijerumani mjini Karlsbad, na mnamo Septemba maazimio yao yakawa sheria: vyuo vikuu vikawekewa wasimamizi, wahadhiri washukiwa wakafukuzwa, na kila chapisho lisilozidi kurasa 320 likatakiwa kukaguliwa kabla ya kuchapishwa. Hesabu hiyo ilikuwa na maana yake. Kitabu kinene ni ghali na wasomaji wake ni wachache. Kilichoogopwa ni gazeti na kijitabu.

Huko Vienna barua za watu zilifunguliwa posta, zikanakiliwa, zikafungwa tena. Mwandishi Mwitaliano Silvio Pellico alikamatwa mnamo 1820 na kufungwa katika ngome ya Spielberg hadi 1830. Kitabu alichokitoa mnamo 1832 kuhusu kifungo chake kiliichafulia Austria jina kote Ulaya. Mnamo 1835 ikawa zamu ya Heinrich Heine na wenzake, ambao maandishi yao yalipigwa marufuku katika nchi zote za Ujerumani.

Mfumo huo ulianguka kwa siku moja. Machi 13, 1848, umati ule aliouogopa tangu Strasbourg ulijaa mitaa ya Vienna ukidai ajiuzulu. Jioni hiyo, akiwa na umri wa miaka 74, akajiuzulu. Alitoroka na mkewe wa tatu, Melanie, kwa msaada wa fedha za benki ya Rothschild, akapitia Uholanzi na kufika London mwezi Aprili. Aliishi uhamishoni Uingereza, kisha Brussels.

Aliporuhusiwa kurudi mnamo 1851, kituo chake cha kwanza kilikuwa Johannisberg. Agosti mwaka huo alimpokea hapo mjumbe mpya wa Prussia mjini Frankfurt, kijana wa miaka 36 aitwaye Otto von Bismarck. Mzee alizungumza kwa kirefu na mgeni akasikiliza kwa adabu. Mnamo 1866 mgeni huyo aliishinda Austria, akaitoa katika mambo ya Ujerumani, na nchi ya Nassau, pamoja na kilima chenyewe, ikamezwa na Prussia.

Metternich hakuyaona hayo. Katika majira ya kuchipua ya 1859, Kaisari kijana Franz Joseph alimwomba ushauri kuhusu mzozo wa Italia. Alimsihi asitoe makataa ya vita, akaambiwa yameshatumwa. Juni 4 Austria ikashindwa Magenta. Juni 11, 1859, Metternich akafariki mjini Vienna akiwa na umri wa miaka 86, akazikwa Plasy, katika kanisa alilolifanya makaburi ya ukoo wake.

Ufalme wa Habsburg uliokuwa ukipelekewa fungu la kumi ulisambaratika mnamo 1918. Jumba la Johannisberg liliteketea kwa mabomu mnamo Agosti 1942, likajengwa tena baada ya vita. Paul Alfons, Metternich wa mwisho, alifariki mnamo 1992 bila mtoto, na shamba likabaki mikononi mwa jamaa tajiri ya Oetker. Mteremko bado ni wa Riesling, na divai yake kavu bado hutambulishwa kwa lakiri ya rangi ya manjano.