Thamani ya Barua Moja

Antoine de Saint-Exupéry alizaliwa Lyon, Ufaransa, mwaka wa 1900. Ujanani alianguka mtihani wa kuingia chuo cha wanamaji. Mwaka wa 1926 alijiunga na kampuni iliyosafirisha barua kwa ndege kati ya Toulouse na Dakar, na mwaka wa 1929 akapelekwa Buenos Aires kusimamia safari za Argentina.

Huko ndiko alikolijua vyema tatizo alilolisimulia katika riwaya yake ya 1931, Vol de nuit. Ndege ikilala usiku, gari la moshi na meli huifikia. Basi sharti iruke gizani, na rubani huenda asirudi. Je, barua yastahili uhai wa mtu? Mwandishi hakujibu kwa wepesi, maana alikuwa amewahi kutumwa, na pia kutuma wenzake.

Hollywood ilipoigeuza riwaya hiyo kuwa filamu mwaka wa 1933, iliongeza katika shehena dawa ya ugonjwa wa kupooza iliyosubiriwa hospitalini Rio de Janeiro. Swali likapoteza makali yake: nani angekataa kumwokoa mtoto mgonjwa? Riwayani mna barua za kawaida tu, na ndiyo sababu swali linauma.

Tarehe 31 Julai 1944, vitani, Saint-Exupéry aliruka kutoka Corsica kwenda kupiga picha za upelelezi, asirudi. Mabaki ya ndege yake yalitambuliwa mwaka wa 2004, baharini karibu na Marseille.

Mwalimu mwenzangu, uisomeshapo riwaya hii, usiwape wanafunzi jibu ambalo mwandishi mwenyewe hakulitoa.