Kipofu aliyeachiwa mji wa Madina: Somo kwa wanaolea watoto wenye ulemavu

Kila sifa njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake, Maswahaba wake na kila anayefuata mwendo wao hadi Siku ya Malipo.

Makala haya nayaandika nikiwa Tandahimba, juu ya uwanda wa Makonde mkoani Mtwara, ambako nafundisha somo la Maarifa ya Uislamu. Mbali na shule, siku mbili kila wiki huenda kufundisha katika makao ya watoto wenye ulemavu yanayoendeshwa na Waislamu. Wamo wasioona, wamo viziwi, na wamo ambao hawajawahi kusimama kwa miguu yao. Ndugu zetu wa mjini wanapokuja kututembelea, liko swali moja ambalo halikosi: Ustadhi, watoto hawa mnawafundisha ili iweje?

Wanaouliza hivyo wengi ni watu wema na wanauliza kwa huruma. Lakini jibu la swali hilo ndilo linaloamua makao yaendeshwe vipi. Kama mtoto huyu ni wa kuhurumiwa tu, basi sahani ya wali, shuka na kandambili vinamtosha. Kama ni mja wa Allah mwenye akili, mwenye wajibu na mwenye nafasi yake katika Umma, basi anahitaji mwalimu, kazi na heshima. Tofauti ya mitazamo hii miwili ni kubwa mno, na mimi sioni mtu wa kutufundisha tofauti hiyo kuliko Swahaba Ibn Umm Maktum (RA).

Alikuwa nani?

Watu wa Madina walimwita Abdullah na watu wa Iraq walimwita Amr, lakini wote wakamjua zaidi kwa jina la mama yake. Baba yake ni Qays bin Zaida, wa ukoo wa Amir bin Luayy katika Makureishi. Mama yake, Atika bint Abdullah, alitoka katika ukoo wa Makhzum na ndiye aliyeitwa Umm Maktum. Alikuwa binamu wa Mama wa Waumini Khadija (RA), kwani mama yake Khadija na baba yake Ibn Umm Maktum walikuwa ndugu. Alikuwa kipofu, na alisilimu mapema sana, wakati ule ambapo kusilimu Makka kulikuwa ni kujitafutia mateso.

Kila aliyepita madrasa anakijua kisa cha Surat Abasa. Mtume (SAW) alikuwa akizungumza na wakubwa wa Makureishi, akitaraji kwamba wakisilimu wao, watu wengi watawafuata. Ibn Umm Maktum akafika akitaka kufundishwa, akayakatiza mazungumzo. Mtume (SAW) akakunja uso na kuwaelekea wale wakubwa. Ndipo zikateremka aya za kumzindua, kwamba huyu aliyekuja mbio akiwa na hofu ya Mola wake ndiye mwenye haki ya kusikilizwa, na yule anayejiona hana haja hana deni lolote kwake. Tangu siku hiyo Mtume (SAW) alimkirimu sana Swahaba huyu.

Hebu tuzingatie jambo moja, ndugu msomaji. Ibn Umm Maktum hakuuona uso uliokunjwa. Wala hakutukanwa, hakufukuzwa, hakuambiwa neno baya. Pamoja na hayo Allah (SW) hakuliacha lipite. Jambo hilo liliandikwa katika Qur'an ili lisomwe mpaka Kiama. Sisi tunaolea watoto wasioona na wasiosikia tunatakiwa tuisome sura hii kila wiki. Ni rahisi mno kukunja uso mbele ya asiyeona, na kumsema asiyesikia akiwa amekaa hapo hapo. Mgeni mwenye gari anapoingia getini, ni rahisi mwalimu kumwacha mtoto katikati ya somo na kwenda kumlaki. Surat Abasa inaizungumzia hali hiyo hiyo.

Mwalimu na muadhini

Kabla ya Hijra, Mtume (SAW) aliwapeleka Madina watu wa kuwasomesha Qur'an wenyeji wa mji ule. Swahaba al-Baraa bin Azib (RA), ambaye ni katika Ansari, amesimulia kwamba wa mwanzo kuwafikia walikuwa wawili: Mus'ab bin Umayr na Ibn Umm Maktum. Mus'ab alikuwa kijana aliyelelewa katika neema za Makka. Mwenzake alikuwa kipofu. Madina, mji wa kwanza wa Uislamu, iliisikia Qur'an kupitia kinywa cha mtu ambaye leo tungemtafutia kona ya msikiti akae kusubiri sadaka.

Mtume (SAW) alipofika Madina alimfanya muadhini pamoja na Bilal (RA). Bilal aliadhini usiku ukiwa bado haujaisha, na Waislamu wakaelekezwa kwamba katika mwezi wa Ramadhani waendelee kula na kunywa mpaka waisikie adhana ya Ibn Umm Maktum. Kwa hiyo funga ya mji mzima ilisimama juu ya sauti ya mtu asiyeliona jua wala alfajiri! Aliwezaje? Watu walimwambia kuwa kumekucha, naye akaadhini.

Hapo kuna elimu kubwa kwa anayeendesha makao. Hakuambiwa kwamba kwa kuwa huoni alfajiri basi adhana hii haikufai. Alipewa kazi, na kile kilichopungua kikatafutiwa mtu. Ukitazama vizuri utaona kwamba mambo yote tunayoyahangaikia leo yamo humo. Mtoto asiyeona anahitaji vitabu vya nukta nundu na mtu wa kumsomea, kisha atafaulu mtihani. Kiziwi anahitaji mwalimu anayeijua lugha ya alama. Asiyetembea anahitaji kiti cha magurudumu na njia ya kupita. Tunachotafuta ni kile kipande kinachokosekana tu, maana kazi yenyewe mtoto ataifanya.

Watu wawili, majibu mawili

Imepokewa pia kwamba Ibn Umm Maktum alimwendea Mtume (SAW) kuomba ruhusa ya kuswali nyumbani. Alieleza kuwa haoni, hana wa kumwongoza anayemfaa, na Madina ina wadudu na wanyama wakali. Mtume (SAW) alimuuliza kama anaisikia adhana. Aliposema anaisikia, akatakiwa aitikie.

Sasa mlinganishe na Itban bin Malik (RA), Swahaba mwingine ambaye macho yake yalidhoofika. Yeye alikuwa imamu wa watu wake, na mvua ikinyesha bonde lilijaa maji likamtenga na msikiti. Alimwomba Mtume (SAW) aje aswali nyumbani kwake ili mahali hapo apafanye pa kuswalia. Mtume (SAW) akamwendea, akaswali naye rakaa mbili pale alipoonyeshwa.

Wanazuoni wamezijadili hadithi hizi kwa urefu katika mlango wa swala ya jamaa, nami si wa kuongeza fatwa juu yao. Ninachokiona kama mwalimu ni kwamba watu wawili walikuja na shida inayofanana, na kila mmoja akasikilizwa kwa hali yake. Ulemavu haukufanywa fungu moja lenye hukumu moja. Katika makao yetu upo mtoto ambaye tukimsamehe kazi tunamdhulumu, na yupo ambaye tukimlazimisha tunamdhulumu. Mlezi asiyewajua watoto wake mmoja mmoja hawezi kuwatofautisha hawa wawili. Ndiyo maana makao yenye watoto wengi na walezi wachache huwa yanageuka bweni la kulala tu, hata kama nia ilikuwa njema.

Alipoachiwa mji

Iliposhuka aya ya Surat Nisaa inayoeleza ubora wa wanaopigana katika njia ya Allah juu ya wanaobaki nyumbani, Ibn Umm Maktum alihuzunika. Akasema kwamba lau angeweza naye angekwenda. Wahyi ukateremka hapo hapo, na Zayd bin Thabit (RA), mwandishi, akaongeza maneno yanayowatoa wenye udhuru. Ni neno moja la kipofu mmoja, na kwalo wote wenye udhuru katika Umma huu wamepata faraja.

Mtume (SAW) alipotoka Madina katika safari za vita, mara kadhaa alimwacha Ibn Umm Maktum nyuma awaswalishe watu. Miongoni mwa nyakati hizo ni ile ya Uhud. Wapo wanahistoria waliozihesabu mara hizo zikafika 13. Tusidhani alipewa nafasi hiyo ili kumliwaza. Mji uliokuwa unawindwa na maadui hauachwi mikononi mwa mtu kwa ajili ya kumliwaza.

Wala hakuitumia ruhusa yake mpaka mwisho. Wakati wa ukhalifa wa Umar (RA) alikwenda Qadisiyya, katika vita na dola ya Wafursi, karibu mwaka 15 Hijria. Anas bin Malik (RA) alimuona huko akiwa amevaa deraya na ameshika bendera nyeusi. Wapo wanaosema alifia hapo shahidi, na wapo wanaosema alirudi Madina akafia huko. Allah amridhie.

Umma ulilielewa somo hili. Khalifa al-Walid bin Abdulmalik, aliyetawala kuanzia mwaka 705 hadi 715 Miladia, anatajwa na wanahistoria kuwa aliwawekea wenye ukoma na vipofu posho kutoka hazina ya dola, akampa kila asiyejiweza mtumishi na kila kipofu mtu wa kumwongoza. Ilikuwa ni bajeti, haikungojea mfadhili apatikane.

Na sisi je?

Katika Afrika Mashariki tuwe wakweli. Shule ya wasioona ya Thika, Kenya, ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Ile ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Shule ya viziwi Tabora ni ya Kanisa Katoliki, mwaka 1963. Jeshi la Wokovu hao hao wakafungua Matumaini, Kurasini, mwaka 1967, kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Wanastahiki pongezi, na wamo watoto wa Kiislamu walionufaika nao. Swali ni la kwetu sisi, tuliotangulia kuwa na Surat Abasa.

Huku Tandahimba kazi ina ugumu wake. Ardhi ni mchanga, kiti cha magurudumu cha mjini kinazama hatua kumi tu kutoka mlangoni. Maji juu ya uwanda ni tabu ya miaka mingi, na mtoto asiyeweza kujisaidia mwenyewe anahitaji kuoshwa na kufuliwa kila siku. Fedha za wazazi hufuata msimu wa korosho. Kuanzia Oktoba mnada ukianza kuna nafuu, lakini ikifika Aprili au Mei hata mzazi mwenye moyo hana cha kuleta. Na wapo watoto ambao bado wamefungiwa ndani vijijini kwa aibu.

Misaada kutoka mjini tunaishukuru. Tatizo ni kwamba karibu yote huja Ramadhani: tende, mchele, sukari, na picha za kupiga na watoto. Mwezi Shawwal mlezi anadai mshahara na mtoto anahitaji dawa ya kifafa. Dawa ya kifafa haina Ramadhani, ikikatika mtoto anaanguka.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, tuirudishe waqfu. Umar (RA) alipopata ardhi Khaybar alishauriwa na Mtume (SAW) aizuie, isiuzwe wala isirithiwe, na mazao yake yaende kwa wahitaji. Hapa kwetu ardhi hiyo ni shamba la mikorosho. Waislamu wachache wa mjini wakichangia shamba, likaandikwa kisheria kuwa waqfu wa watoto na likasimamiwa na wadhamini waaminifu, kila msimu walezi watalipwa bila ya kumpigia mtu simu. Pili, tusomeshe walimu. Kijana mmoja aliyesomea nukta nundu au lugha ya alama ana faida kuliko magunia ya mchele. Tatu, tufuate sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni na yakaguliwe, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imeeleza haki zao za elimu, afya na kazi. Anayeendesha makao kwa jina la Uislamu anatakiwa awe wa kwanza kufungua milango na vitabu vya hesabu, kwani amana ya asiyeona ni nzito kuliko ya anayeweza kukagua mwenyewe.

Tukifanya hivyo, anayeuliza watoto hawa wanafundishwa ili iweje atakuwa amejibiwa. Wanafundishwa wapate kuwa walimu, maimamu, waadhini na wasimamizi wa mambo ya watu, kama alivyokuwa yule aliyeachiwa Madina. Mtume (SAW) alimpa Ibn Umm Maktum kazi. Sisi bado tunampa futari.

Wabillahi tawfiq.