Mkwawa na uamuzi wa mtu aliyezingirwa

Sisi wa Iringa na Mbeya tunalijua jina la Mtwa Mkwawa tangu shuleni. Leo tumtazame kwa jicho la afya ya akili.

Alishika uongozi wa Wahehe baada ya baba yake, Munyigumba, kufariki mwaka 1879. Agosti 17, 1891, wapiganaji wake walikishinda kikosi cha Wajerumani pale Lugalo, na kamanda wa kikosi hicho, Emil von Zelewski, akauawa. Oktoba 1894 Wajerumani waliiteka ngome yake ya Kalenga. Mkwawa hakusalimu amri. Kwa karibu miaka minne aliishi maporini akiwindwa, kichwa chake kimewekewa zawadi ya rupia 5,000, watu wake wakizidi kupungua. Julai 19, 1898, huko Mlambalasi, alijitoa uhai ili asikamatwe. Fuvu lake lilirudishwa mwaka 1954 na limehifadhiwa Kalenga.

Historia inaueleza uamuzi huo kwa vita na heshima. Daktari huongeza swali: mtu huyo alikuwa akihisi nini? Uamuzi hautokani na hesabu tupu. Sehemu ya ubongo iitwayo insula husoma hali ya mwili: njaa, maumivu, mapigo ya moyo. Amigdala hushtuka penye hatari. Sehemu ya mbele ya ubongo hulinganisha njia zilizopo. Hofu na kukosa usingizi vikidumu, sehemu hii ya mbele hulemewa, na njia huonekana chache kuliko zilivyo.

Mkwawa alizingirwa kweli. Mgonjwa wa sonona huhisi amezingirwa vilevile, ingawa milango ipo: dawa, ushauri nasaha, ndugu. Kwake hisia hiyo ni halisi, na hakuna picha ya ubongo itakayotuonyesha. Ndiyo maana tunauliza.

Mzazi, kijana akisema amechoka kuishi, usimkemee wala kumwambia anadeka. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Msikilize, usimwache peke yake, ondoa sumu za shambani na dawa karibu naye. Siku hiyohiyo mpeleke kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali ya rufaa, Iringa au Mbeya. Na wewe mgonjwa unayesoma haya, mwambie mtu leo. Maumivu yakipungua, njia nyingine huanza kuonekana.