Leta Hollingworth na watoto wanaomaliza kabla ya wenzao

Wasikilizaji wetu, mnamjua yule mtoto wa darasa la pili anayemaliza hesabu mapema, kisha anaanza kuwachokoza wenzake hadi anaitwa mtundu. Leta Hollingworth aliwachunguza watoto wa aina hiyo kwa miaka mingi.

Alizaliwa mwaka 1886 Nebraska, Marekani, akafiwa na mama angali mdogo. Akawa mwalimu. Alipomfuata mumewe New York, alikuta shule za jiji haziajiri wanawake walioolewa. Akakaa nyumbani akijaribu kuandika hadithi, hazikununuliwa. Akarudi masomoni, akawa mwanasaikolojia.

Kuanzia 1922, katika shule ya umma namba 165 huko Manhattan, aliwafuatilia watoto wenye vipaji waliowekwa katika darasa maalumu. Aliona kuwa katika darasa la kawaida mtoto kama huyo hupoteza nusu ya muda, au zaidi, akisubiri tu. Kumrusha madarasa mengi nako kulimtia wasiwasi: mtoto wa miaka 8 akiwekwa na wa miaka 12 atacheza na nani?

Mwaka 1936 Shule ya Speyer, nayo ya umma, ilipokea watoto wa miaka 7 hadi 9. Nusu ya siku walisoma masomo ya kawaida. Muda uliobaki walichimbua historia ya vitu vya kila siku: chakula, nguo, taa, usafiri. Chini ya paa hilohilo walisoma pia watoto wanaojifunza polepole, jambo linalotupendeza.

Hata hivyo, aliamini mno kwamba akili hurithiwa. Hapo hatuko naye.

Alifariki Novemba 1939. Kitabu chake cha mwisho mumewe alikikamilisha, kikatoka 1942.